Huku Ndiko Magari Yanakozeekea

Ukimuuliza mtu wa Ngara gari lake ni la lini, mara nyingi atakujibu kwa herufi. "Namba B." "Namba C." Anayetafuta gari la kununua naye huuliza hivyohivyo, na bei huanza kutajwa hapo. Herufi hiyo ni ya kwanza kati ya zile tatu zinazofuata tarakimu kwenye kibao cha namba, katika mfumo ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tulianza na A, tukaenda B, C, D, na sasa tuko E. Ni kalenda rahisi ambayo kila Mtanzania anaisoma akiwa amesimama kituoni.

Shida ni kwamba kalenda hiyo inahesabu kuanzia siku gari liliposajiliwa Tanzania. Corolla iliyotoka kiwandani Japani mwaka 1997, ikasajiliwa Dar es Salaam zaidi ya miaka 15 baadaye, itasomeka namba C. Mnunuzi ataamini amepata gari la makamo kumbe amepata mzee aliyepaka nywele rangi. Ndiyo maana fundi mzoefu haangalii kibao. Anafungua boneti, anafuta vumbi kwa kitambaa, anatafuta namba ya chasisi.

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na nimekulia Ngara. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijaribu kuelewa historia ya wilaya hizi mbili za kuelekea mpakani, Ngara na Biharamulo, kupitia kitu kisichoonekana sana kwenye nyaraka: gari kuukuu na mtu anayelitengeneza. Vyanzo vyangu ni mafundi wa huku, pamoja na kaunta buku tatu za baba mdogo wangu, dereva wa abiria kati ya Biharamulo, Lusahunga na Ngara. Tangu anunue Corolla yake ameandika humo kila kitu alicholipia. Nilichokiona ni kwamba gari la bei rahisi lina bei mbili. Ya kwanza inalipwa siku ya kununua. Ya pili inalipwa kidogo kidogo kwa miaka, na nchi yetu imejipanga kwa namna ambayo hiyo ya pili inawaangukia zaidi watu wa mwisho wa barabara.

Zamani, gari huku lilikuwa na mwenyewe anayejulikana na wilaya nzima. Lilikuwa la misheni, la hospitali, la mkuu wa wilaya, au lori lililokuja kuchukua kahawa. Watoto walilitambua kwa mlio kabla halijatokeza kilimani. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, uagizaji wa bidhaa kutoka nje uliwekwa mikononi mwa mashirika ya umma, na mtu mwenye gari lake binafsi akawa wa kutazamwa mara mbili. Bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973, fedha za kigeni zikawa finyu. Kisha mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia kaskazini mwa mkoa wetu. Serikali ilikusanya malori na mabasi, ya mashirika na ya watu binafsi, yabebe askari na mizigo. Vita ilipokwisha mwaka 1979, Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita, mikanda ikabaki palepale.

Katika miaka hiyo gari jipya lilikuwa ndoto na spea ilikuwa habari. Land Rover 109 ilipovunjika springi, hapakuwa na duka la kukimbilia. Fundi alikata gasketi kutoka kwenye karatasi ngumu, akachonga bushi kutoka kwenye tairi kuukuu, akaipeleka springi kwa mhunzi. Na huku wahunzi hawakuwa wageni. Warongo wa Buzinza walijulikana kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe kabla gurudumu la gari halijakanyaga nchi hii. Mafunzo yalikwenda pande zote mbili: springi ilifuliwa irudi kwenye gari, na gari lilipokufa kabisa springi yake ikawa panga.

Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors kilichotoka mwaka 2021, anawachukua mafundi wa Tanzania kama wabunifu wa teknolojia kwa haki yao. Ni hoja ambayo mafundi wa Ngara wangeishangaa kidogo, kwa sababu wao hawajawahi kujiona vinginevyo. Nilipomweleza mmoja wao, mzee aliyeanza kazi kabla sijazaliwa, aliendelea kukaza nati na kuniambia: "Sasa msomi, gari lingetembeaje?"

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, bajeti iliporuhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa bila kuulizwa fedha hizo zimetoka wapi. Rais Mwinyi alipoingia mwaka 1985 akaupanua zaidi, hadi watu wakamwita Mzee Ruksa. Lakini bidhaa zilizoshuka Dar es Salaam zilikuwa na safari ya kama kilomita 1,300 kabla ya kuona Rusumo. Ngara iliendelea kuwa wilaya ya magari machache. Kilichoibadilisha hakikutokea bandarini. Kilitokea upande wa pili wa Mto Kagera.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, zaidi ya watu laki mbili waliokuwa wakitoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo. Walikusanyika Benaco, mahali palipopata jina hilo kutokana na kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa imepiga kambi pale wakati wa kujenga barabara. Kwa hiyo hata jina la mahali ambapo dunia iliijua Ngara lilitokana na barabara. Baada ya wiki chache palikuwa na mji wa maturubai kuliko mji wowote wa mkoa, na nyuma ya wakimbizi yakaja mashirika, na mashirika yakaja na magari.

Mengi yalikuwa Toyota Land Cruiser za familia ya 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, na ya kupendwa kuliko zote ilikuwa yenye injini ya dizeli ya 1HZ: lita 4.2, haina tabo, haina kompyuta, kila kitu kinashikika kwa spana. Magari hayo yalihitaji madereva, na madereva walihitaji mafundi. Vijana wa Ngara na Biharamulo wakaajiriwa. Mwaka huohuo wa 1994 Bunge lilikuwa limepitisha sheria iliyoanzisha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Kwa vijana wa huku, chuo kilichokuwa karibu kilikuwa gereji ya kambini.

Fundi mmoja aliyeanza hapo kama msaidizi wa kuosha vifaa alinieleza kilichomshangaza. Hakikuwa ukubwa wa gereji wala wingi wa spana. "Pale ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza gari linapelekwa gereji likiwa zima," alisema. Gari lililokuwa likitembea vizuri liliingizwa, likamwagwa oili, likabadilishwa filta, likakaguliwa breki, likaandikwa kwenye kadi, likatoka. Kwa mtu aliyelelewa kwenye ufundi wa kufufua, sevisi ilikuwa wazo geni: kulipa fedha leo kwa ajili ya ubovu ambao haujatokea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, sote tunaujua usemi huo, lakini kuziba ufa kunahitaji uwe na saruji kabla ukuta haujapasuka.

Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirejeshwa kwao. Warundi walibaki Lukole kwa miaka mingine kadhaa, kisha nao wakaondoka na kambi ikafungwa. Magari ya mashirika yakahamia kwenye dharura nyingine za dunia, na yaliyochoka yakatafutiwa wenyewe wapya. Waliobaki ni mafundi, na sasa walikuwa na elimu mbili kichwani: ile ya kufufua iliyotokana na uhaba wa miaka ya sabini na themanini, na ile ya kutunza waliyoipata kambini. Ukikaa kwenye gereji za huku unaziona zote mbili zikibishana juu ya boneti moja. Kijana anasema tubadilishe. Mzee anasema tulehemu.

Kati ya vipindi hivyo ulikuwapo wakati ambao ubovu wa gari ulikuwa hatari ya maisha. Mwishoni mwa miaka ya tisini na kuingia miaka ya 2000, silaha zilizozagaa kutokana na vita vya jirani ziliingia kwenye mapori ya Biharamulo na Ngara. Mabasi yalitekwa, abiria waliporwa, wengine waliuawa. Magari yakawa yanakusanywa na kusindikizwa na polisi wenye bunduki kupita porini. Baba mdogo alikuwa utingo wakati huo. Anasema jioni kabla ya safari hakuna aliyeuliza gari lina kasi gani. Waliuliza mkanda wa feni ni wa lini, rejeta haivuji, tairi la akiba lina upepo? Kila mtu aliogopa jambo moja, gari lake kuzima katikati ya pori msafara ukiendelea mbele. Mpaka leo, miaka mingi baada ya barabara kutulia, kila alfajiri anakagua maji, oili na mikanda kabla ya kuwasha. Kwake yeye hiyo ni tabia tu. Mimi naiona kama mabaki ya kipindi cha historia.

Halafu yakaja magari ya Japani, na hapa inabidi tutoke Kagera kidogo ili tuelewe kwa nini yalikuja kwa bei ile. Japani gari binafsi jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo ni ghali. Gari la petroli likipita miaka 13, kodi yake ya mwaka inapanda. Mjapani mwenye Corolla nzima kabisa anajikuta analipia zaidi kuliko thamani yake, hivyo anaiachia. Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia kama wetu. Serikali yao inayasukuma nje magari yanayotufaa.

Yakifika Dar es Salaam yanakutana na sera ya upande wetu. Kenya hairuhusu gari lenye zaidi ya miaka minane. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Tanzania haijaweka kikomo, imeweka kodi. Juu ya kodi nyingine, gari la abiria lenye miaka minane hadi kumi hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na lililozidi miaka kumi asilimia 30. Nia inaeleweka: kuwavunja watu moyo wasilete magari yaliyochoka. Lakini ushuru huo hupima umri wa gari siku moja tu, siku linapoingia bandarini. Likishavuka geti linaweza kuzeeka litakavyo. Na kwa kuwa kila gari linaloingia ni ghali, hakuna anayelitupa. Aliyelinunua Dar analiuza baada ya miaka michache kwa mtu wa Mwanza au Kahama, ambaye naye baada ya muda analiuza kwa mtu wa Biharamulo.

Hapo ndipo ramani inapoingia. Rwanda inaendesha kulia na kwa muda mrefu imezuia kuingizwa kwa magari ya usukani wa kulia. Burundi nayo inaendesha kulia, ingawa huko magari mengi yana usukani wa kulia kama yetu, na dereva anayetaka kulipita lori humtegemea abiria wa kushoto amchungulie barabara. Gari la Tanzania lililofika Rusumo, kwa hiyo, mbele yake hapana soko la wazi. Malori ya transiti yanavuka na kuendelea na safari. Tangu Aprili 2016, Rais Magufuli na Rais Kagame walipozindua kituo cha pamoja cha forodha pale mpakani, yanavuka kwa haraka zaidi. Lakini Corolla ya baba mdogo haiendi kokote. Imefika. Baada ya Ngara mjini kuna barabara za vijijini tu, na kila mauzo yanayofuata yanaipeleka kwenye udongo zaidi.

Aliinunua ikiwa namba B, baada ya watu watatu kuimiliki. Nimezisoma kaunta buku zake kama ambavyo wenzangu husoma barua za magavana. Katika la kwanza, kurasa nyingi ni oili, filta na plagi. La pili limejaa bushi, boljointi, shokapu na beringi, na maandishi yanaongezeka kila mvua zinapoanza, pale lami iliyochimbwa na malori inapogeuka mabwawa na njia ya kukwepa mashimo ni kupita pembeni kwenye mawe. La tatu ni la injini: gasketi ya silinda hedi, ringi, pampu ya maji. Kwa kufuata tarehe unaona gari likizeeka kuanzia chini kwenda juu.

Kuna mstari mmoja uliochukua muda kuuelewa. "Thamostati, imewekwa." Nilidhani ameandika kimakosa, maana sikuona popote ilipotolewa. Fundi wake alinifafanulia. Ilikuwa imetolewa Dar es Salaam na mmiliki wa zamani. Kwenye joto la Pwani na foleni, mafundi wengi huitoa thamostati ili maji yazunguke muda wote na injini isichemke. Gari likapanda na kasoro hiyo hadi milima ya Ngara, ambako asubuhi ni ya koti. Huku injini ilikuwa haipati joto lake, inakunywa mafuta kupita kiasi na kuchafua oili, na wamiliki wakaamini ni uzee. Dawa ya mahali pamoja ilikuwa ugonjwa mahali pengine. Baba mdogo aliulipia uamuzi wa mtu asiyemjua, uliofanywa kilomita 1,300 mbali, na ndivyo bei ile ya pili inavyofanya kazi.

Upande wa kulia wa kila ukurasa ameandika mapato. Kuna siku zina namba, kuna siku zina maneno. "Mgonjwa, usiku." "Mama mjamzito, hajalipa." "Msiba, bure." Nilihesabu maneno ya namna hiyo katika madaftari yote matatu na nikaacha kuhesabu. Kijiji kisicho na gari jingine karibu saa nane za usiku kinapiga simu kwa mwenye Corolla namba B. Wanaojadili magari chakavu mijini huyazungumzia kama moshi, ajali na aibu ya nchi kugeuzwa jalala. Moshi upo. Ajali zipo, na michomoko ya Kanda ya Ziwa iliyopakia watu wanne kiti cha mbele ni jambo la kuogopa kweli. Sitaki kuuremba uzee wa gari ambalo breki zake zinategemea bahati. Ila ukisema liondolewe, sema pia nani atakuja usiku ule.

Nikiruhusiwa kupendekeza, ningependekeza kitu cha kawaida sana. Ukaguzi tunaoujua zaidi ni wa trafiki barabarani na stika za wiki ya Nenda kwa Usalama. Fedha ya uchakavu inakusanywa bandarini, lakini uchakavu wenyewe unatokea Lusahunga, Nyakahura, Rulenge na Kabanga. Sehemu ya fedha hiyo ingeweza kuufuata: mashimo ya kukagulia breki na usukani katika miji ya wilaya, na mafunzo kwa mafundi ambao tayari wanajua nusu ya kazi. Maana nusu nyingine inawaponyoka. Probox, iliyoingia sokoni Japani mwaka 2002, bado wanaiweza. Injini yake ya 1NZ ina mnyororo badala ya mkanda wa taimingi, na huo ni msaada mkubwa kwa mtu aliye mbali na duka. Lakini magari yanayopokea herufi E leo yana kompyuta kila kona, mengine ni ya haibridi. Nayo yatapanda huku siku moja, yakiwa na wamiliki watatu nyuma yao. Yatamkuta fundi mwenye masikio ya kusikiliza injini, bila mashine ya kusoma makosa yake.

Mzee aliyeniita msomi ana vijana wanne wanaojifunza chini yake. Hakuna kilichoandikwa. Nilipomuuliza kama angekubali niandike namna anavyoitambua gasketi iliyoungua kabla ya kufungua injini, alinitazama kama mtu anayeombwa kuuza mbegu. Baadaye akasema nije Jumamosi, niache kompyuta nyumbani, nivae nguo chafu.

Baba mdogo sasa anataka kuiuza Corolla. Kijana mmoja wa vijijini, anayetafuta gari la kubebea ndizi na watu siku za mnada, ameshakuja mara mbili kuliangalia. Kwa fedha hizo na akiba yake, baba mdogo anatafuta Probox namba D, na ameniomba nikirudi Dar es Salaam nipitie yadi kumtafutia. Nilimuuliza anataka rangi gani. Akasema rangi yoyote, ila nisimtumie picha ya kibao cha namba. Nimtumie namba ya chasisi, na niguse kama thamostati ipo.